Goli Ambalo Hakulishangilia

Ndani ya basi, kinyozi na fundi viatu walikuwa wanabishana juu ya mshambuliaji mmoja. Muuguzi aliyekaa mbele yao alisikia kila neno, kwa kuwa mshambuliaji huyo alikuwa kaka yake.

"Yule hana kwao," alisema kinyozi, kwa sauti ya mtu aliyezoea wasikilizaji wasioweza kuinuka kitini. "Kila msimu nchi mpya, jezi mpya."

"Mpira ndio kazi yake, ndugu yangu. Ulitaka akae nyumbani amfunge nani?"

Muuguzi aliukumbatia mkoba wake. Jumamosi iliyopita walimzika baba yao, na kaka yake alibaki ng'ambo akacheza mechi. Tangu siku hiyo kaka alikuwa akimpigia, na yeye hakupokea simu hata moja.

"Na Jumamosi kafunga, wala hakushangilia. Maringo tu!" aliendelea kinyozi.

Muuguzi akageuka. "Samahani, alifanya nini baada ya kufunga?"

"Hukuona, dada? Alikaa chini palepale golini, akajifunika uso kwa jezi, mpaka wenzake wakaja kumwinua."

"Labda aliumia," alisema fundi viatu.

"Aumie wapi, na hakuguswa na mtu!"

Basi likasimama. Muuguzi akashuka huku akitafuta simu mkobani, na wale wawili wakaanza kubishana kama lile goli lilikuwa la kuotea.