Bi Verna Tschetter, Aliyewaambia Watu Kuwa Hawajashinda

Bi Verna Tschetter anastaafu Ijumaa hii, tarehe 24 Juni 1994, baada ya miaka thelathini na miwili katika Kampuni ya Halstrom, hapa Dubuque, Iowa. Uongozi uliomba kuusoma wasifu huu kabla haujachapishwa. Watausoma leo, pamoja nanyi.

Alianza mwaka 1962 kwenye meza ya kufungua bahasha. Siku hizo tuliuza majarida kwa posta, na bahati nasibu ilikuwa chambo tu. Baadaye majarida yakasahaulika, chambo kikawa ndiyo kazi. Tukatuma bahasha zenye tai wa dhahabu, zenye muhuri unaojifanya wa serikali, zenye picha ya hundi kubwa kama mlango, na jina la mpokeaji kwa herufi nene: UMESHINDA. Chini yake, kwa maandishi membamba kama mguu wa sisimizi: iwapo namba yako ndiyo iliyochaguliwa. Yuko mtu humu ndani aliyebuni hilo “iwapo”. Alipandishwa cheo.

Mwaka 1970 Bi Verna alihamishiwa chumba cha barua za wateja, nami nikamkuta huko miaka tisa baadaye. Watu walituandikia kama wanavyowaandikia ndugu. Bibi mmoja wa Nebraska alituarifu kwamba Jumanne angekuwa kwa daktari wa macho, hivyo tafadhali tusilete hundi siku hiyo. Mwingine aliuliza kama watu wa televisheni wangejali mapazia yake yaliyochakaa. Barua hizo tulizibandika kwenye ukuta wa chumba cha kulia, tukazicheka huku tukinywa kahawa. Mimi nilikuwa hodari wa kubandika. Bi Verna alizibandua, akazijibu moja moja kwa mkono wake, kisha akarudi kwenye mkate wake wa soseji ya maini.

Yeye mwenyewe hakucheza kamari ya aina yoyote. Hata kanisani, walipochezesha bahati nasibu ya bata mzinga, alitoa mchango akakataa tiketi.

Oktoba 1987 alifika mapokezi mzee wa miaka themanini na moja, Orval Dinkel, mkulima mstaafu kutoka Kansas. Alikuwa amesafiri kwa basi siku nzima na usiku kucha, amevaa suti aliyoivaa siku ya kumzika mkewe, na mkononi ameshika barua yetu. Nyumbani kwake majarida yalikuwa yamerundikana hadi dirishani, likiwemo la mabibi harusi, kwa sababu aliamini anayenunua husogea mbele kwenye foleni. Mkurugenzi wetu, Bwana Rolf Halstrom, alichungulia kutoka juu, akaagiza mzee apewe kofia na kalamu ya kampuni, kisha arudishwe kituoni.

Bi Verna akashuka ngazi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Aliketi kando ya mzee, akamwambia, “Mzee Orval, hujashinda.”

“Mbona jina langu limeandikwa hapa?”

“Mashine huandika jina la kila mtu. Mwezi huu imeandika majina milioni tisa.”

Mzee aliikunja ile barua. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, “Na hao wengine, nao wamevaa suti?”

Nimefanya kazi hapa miaka kumi na mitano, na sijasikia swali lililotufaa zaidi.

Bi Verna alimpeleka kwake, akampikia, na asubuhi akampandisha basi. Aliporudi ofisini akaniagiza nifute jina la Orval Dinkel kwenye orodha ya kompyuta. Nikamwambia haturuhusiwi kufuta mnunuzi mzuri. Akanijibu kwamba kidole ni changu, lakini yeye hatoki hapo. Nikafuta.

Bwana Halstrom alimwita, akamwambia ameipotezea kampuni mteja. Bi Verna alikubali, akaongeza kwamba kesho atampoteza mwingine. Kumfukuza hawakuthubutu. Mwanasheria mkuu wa jimbo alikuwa ameshaanza kuuliza maswali kuhusu bahasha zetu, nao walijua fika kwamba mwanamke huyu akiulizwa angejibu. Wakamnyima nyongeza ya mshahara na chumba chenye dirisha, wakidhani atachoka. Kwa miaka sita na nusu, kila barua ya mtu aliyekuwa akitusubiri mlangoni kwake ilipofika, yeye aliandika jibu nami nikafuta jina. Tumefuta majina zaidi ya elfu nne. Siandiki hili kuomba radhi.

Leo uongozi umemwandalia zawadi: majarida ya bure ya mwaka mzima, na nafasi ya kushiriki katika droo yetu kuu. Ndivyo kilivyoandikwa kikaratasi chenyewe, nafasi ya kushiriki. Ukiwa na watu wasioona aibu, usipoteze nguvu kuwatafutia tusi.

Bi Verna, sisi wa chumba cha barua tunakushukuru. Ulitufundisha kwamba mtu akikuandikia, yupo. Orval Dinkel alifariki masika iliyopita, na binti yake ametuambia kwamba barua zako kumi na nne alizitunza kwenye Biblia. Nenda ukapumzike salama. Na sanduku lako la posta lisipokee ila barua za watu wanaokujua.