Fundi Zege Ajifunza Kupumua

Benchi lenyewe liko nje ya duka la vipuri, ubavuni mwa birika la muuza kahawa. Jioni ile walilikalia watatu: Digrii, msomi asiye na kazi, anayegombana hata na kivuli chake, Kinyozi, mwenye habari za kila kichwa, na Mzee Betri, fundi wa redio. Macho yote yalikuwa kwenye dirisha la ukumbi wa ng'ambo. Mle ndani Fundi Zege, mwashi aliyekataliwa na mgongo wake tangu aanguke saiti, alikuwa darasani: hatha yoga, mazoezi ya kujinyoosha na kupumua, ya wanaoanza. Nyapara mpya wa saiti, ambaye hajawahi kumwona, alikuwa anatafuta fundi wa kuchukua nafasi yake.

— Kainama tena, alisema Kinyozi. Kaangusha nini?

— Anachajiwa, alisema Mzee Betri. Miguu mitupu, sakafu baridi: umeme wa ardhi unapanda na uti wa mgongo.

— Mteja wangu anasema wakikolea wanapaa.

— Mbona huyo hapai? aliuliza Mzee Betri.

— Si darasa la wanaoanza hilo.

Digrii aliguna.

— Mimi nimesoma mpaka macho yakaota sugu, nimeishia hapa. Leo mtu apone kwa kusimama? Tuwe siriasi, jamani.

Zege akatoka. Katikati ya njia alisimama, akachuchumaa polepole, akafunga kamba ya kiatu, akainuka. Kamba ambayo mkewe humfungia kila asubuhi mlangoni. Kikombe cha Kinyozi kikabaki hewani.

— Kaka, umefanyaje? aliuliza.

— Nimepumua.

— Kwani sisi tunafanya nini?

— Mnahema tu. Simameni. Nyayo zote chini. Vuta hewa puani, mikono ipande nayo. Itoe, ishuke nayo. Ukiumia, acha, hatushindani. Kinyozi, usiibane, hupigwi eksirei.

Digrii aliinua mikono ili awakejeli vizuri. Hewa ikaingia, ikaendelea kuingia, kifua kikafunguka kama chumba cha nyumbani kwao ambacho hakuwahi kujua kipo. Akasikia birika likitokota. Akausikia moyo wake. Tusi alilokuwa ameliandaa akalitafuta, hakuliona.

Mzee Betri aliyumba, akamshika Kinyozi; Kinyozi akamshika Digrii. Pikipiki ikasimama mbele yao. Akashuka mgeni mwenye kofia ya saiti, akawatazama wanne wale, mikono juu.

— Habari zenu. Mimi ndiye nyapara mpya, nimeambiwa hapa kuna fundi mgonjwa wa mgongo. Ni yupi?

Wakatazamana. Watatu walikuwa wameshikana wasianguke, na wa nne amesimama wima, anatoa hewa taratibu.