Historia ya Fundi Waya, Mlezi wa Programu ya Wachangia Damu

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee safari ya kaka yetu, ambaye kazini na mtaani alijulikana kama Fundi Waya.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mwalimu wa hesabu na mkunga, akamaliza sekondari mwaka 1979 na chuo cha ufundi mwaka 1983, ambako alifungua redio zote za bweni na kuzirudisha zikiwa na skrubu pungufu. Tarehe 14 Aprili 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa binti na mvulana.

Tarehe 2 Agosti 1993 aliajiriwa hospitali kuu, akakabidhiwa programu ya kompyuta ya kutafutia wachangia damu, ambayo mwandishi wake alikwisha kuondoka bila kuacha maelezo, na kompyuta mpya zilipoikataa katakata, aliiweka kwenye mashine moja, akaziwezesha nyingine zote, za wodini na maabara, kuisoma kupitia mtandao kana kwamba imo ndani yao. Mwaka 1996 alifanya kosa ambalo hakulificha kamwe, alibadilisha faili la programu wakati maabara wakiitumia, skrini zikaganda huku mama aliyetoka kujifungua akisubiri damu, akakimbia mwenyewe kumfuata mchangiaji, na mama akapona. Tangu siku hiyo hakuligusa faili lile kabla ya kupita mlango kwa mlango kuhakikisha kila mtu ameifunga programu, mpaka wauguzi wakamtania kwamba anabisha hodi kama mchumba.

Lakini kaka alikuwa na kiburi cha fundi, alikataa kuandika hatua zake, akisema yote yamo kichwani na kichwa hakina safari. Februari 2019 alipougua ini, hospitali ilijua kwamba akiondoka, programu inaondoka naye. Shemeji alichukua daftari, akakaa kando ya kitanda, na kila mumewe alipotaja neno la kitaalamu aliweka kalamu chini hadi aseme kwa lugha ya mshonaji, zikajaa kurasa arobaini na tatu.

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2019, saa nne asubuhi. Juzi Ijumaa umeme ulikatika, mashine ikazima, muuguzi wa maabara akafungua daftari aliloachiwa na shemeji, na baada ya dakika ishirini mgonjwa akapatiwa damu. Shemeji alishinda na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, mashine ilizima na hospitali haikupiga nyumbani kuomba msaada.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake waliomvumilia.

Pumzika kwa amani, kaka, mashine inafanya kazi.