Tairi za Ijumaa

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mliokuja kumsindikiza dada yetu, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha yake, nami naomba mnivumilie, kwa kuwa karatasi hii tuliiandika jana kwa pamoja, lakini kuna sehemu nimeiongeza mwenyewe leo asubuhi, na shemeji yangu ataisikia sasa hivi pamoja nanyi.

Dada alizaliwa tarehe 3 Septemba 1966, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa dereva wa greda na fundi cherehani, katika nyumba za vyumba viwili za wafanyakazi wa barabara, na kwa kuwa baba alihamishwa kila barabara ilipoisha, alisoma shule tatu za msingi kati ya mwaka 1974 na 1980, na kila tulipohamia mahali papya yeye ndiye aliyetangulia kuzunguka mtaa, kisha akatuchorea kwa chaki sakafuni njia ya bombani, dukani na shuleni. Alimaliza sekondari mwaka 1984, akaingia chuo cha upimaji ramani, akahitimu Novemba 1987.

Tarehe 1 Februari 1988 aliajiriwa ofisi ya ramani kama mchoraji, na wenzake wakamwita Dira, kwa sababu wakubwa walipobishana juu ya mpaka, aliitwa yeye amalize ubishi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, kalamu aliyokuazima aliidai siku hiyo hiyo, na ukimwambia kitu kiko hapo tu, alikuuliza hapo tu ni mita ngapi.

Tarehe 22 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, aliyekuja ofisini kubadilisha taa na kwa maelezo yake mwenyewe akairudia taa hiyo hiyo mara tatu, wakajaliwa binti mwaka 1992, ambaye ni mwalimu, na kijana mwaka 1995, ambaye ni muuguzi.

Sasa nafika mwaka 2008, ambao kwenye karatasi ya familia una mstari mmoja tu, kwamba alishiriki mashindano ya magari. Mashindano yale ni ya kukata pori, na mshindi si mwenye mbio bali anayefikia vituo kumi vilivyofichwa, kwa ramani, dira na kitabu cha njia kinachokuambia ukifika kilomita fulani kata kushoto kwenye mwamba. Mimi nilikuwa dereva, Dada msoma ramani, na ofisi yake yote ilikuja kutazama, kwa sababu mwezi ule kiti cha mkuu wa chumba cha michoro kilikuwa wazi na kila mtu alijua ni chake. Alhamisi tarehe 12 Juni alinipeleka barabara kuu, tukaenda na kurudi mara nne, akilinganisha mita ya gari na nguzo za kilomita, akaandika hesabu zake. Ijumaa, bila kumwambia, nikaenda kwa rafiki yangu fundi tairi, nikafunga tairi kubwa zaidi, kwa kuwa zilipendeza, sina sababu nyingine; na tairi kubwa huzunguka mara chache kwa umbali ule ule, kwa hiyo mita husoma pungufu, na hesabu za Dada hazikuwa tena za gari lile. Jumamosi asubuhi alizitazama tairi, akaniuliza kama saizi ni ile ile, nami, kwa kuogopa atanirudisha barabara kuu kupima upya, nikamjibu, "Ile ile, Dada, panda twende."

Tukapitiliza kona moja baada ya nyingine, Dada akifuta na kuandika, akishuka na dira yake, akiniomba radhi, ndiyo, akiniomba radhi mimi, nami nimekaza macho mbele kama dereva mwenye shughuli nyingi. Tulipata vituo vinne, tukamaliza wa mwisho, tope hadi vioo, na mtangazaji akaniletea kipaza sauti mbele ya watu wote, akauliza imekuwaje, nikasema, "Muulizeni mwenye ramani." Watu wakacheka. Dada naye alitabasamu, akaikunja ramani yake taratibu.

Tangu Jumatatu ile akaitwa Kona Ijayo, akiinuka kwenda kunywa chai aliulizwa kama atajua kurudi, na kiti kikaenda kwa mwingine. Mimi nikaendelea kusimulia kisa kile kwenye sherehe za familia, nikitia chumvi kila mwaka, kwa miaka kumi na sita.

Machi 2024 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Jumatano tarehe 5 Februari 2025, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, nilimweleza kila kitu, wala hakushtuka. Alisema, "Najua. Jumatatu ile nilizipima tairi kwa futi ya shemeji yako. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe." Akaniomba jambo moja tu, niwaambie wenzake angali hai, nami nikaahidi kuwaambia Jumapili. Alhamisi watatu kati yenu mlikuja kumwona, nikawasindikiza hadi getini, tukazungumza habari za mvua. Jumapili tarehe 9, saa moja asubuhi, Dada alifariki.

Kwa hiyo nasema leo, wakati hasikii, na naona aibu mbele yenu, mbele ya shemeji, na zaidi mbele ya wapwa zangu, waliokua wakicheka kisa hicho mama yao akiwa mezani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha figo, majirani mliopika na kulala hapa nasi, na wafanyakazi wenzake wa ofisi ya ramani, ambao siwalaumu kwa kicheko, maana mimi ndiye niliyewapa.

Upumzike, Dada, kwa amani. Hesabu zako zilikuwa sahihi.