Nyasi za Randa Zinaishia Bombani

Benchi letu liko kwenye kona, ng'ambo ya kichochoro kutoka nyumbani kwa Randa, seremala mstaafu. Zamani alikuwa wa kwanza kufika. Siku hizi hatoki. Tunamwona ndani ya uzio, vidude vya kusikilizia vimo masikioni, akifyeka. Na anafyeka kwa namna yake: toka mlangoni hadi kwenye bomba la maji, nyasi fupi kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, ukivuka bomba, kichaka. Jana tulimpungia mikono. Alitabasamu, hakuja.

— Katuchoka, alisema Kipimo, fundi cherehani. Mtu akijiziba masikio mchana kweupe, ujue kaamua.

— Kaamua nini?

— Kwamba hatuna la maana.

— Hilo angelijua tangu zamani, akasema Dokta, ambaye anauza vipuri vya baiskeli lakini hutibu kila mtu. Mimi naona ni shingo. Ukifyeka kuelekea magharibi, damu inakimbilia sikio moja.

— Dokta, bomba liko mashariki.

— Basi hali ni mbaya kuliko nilivyodhani.

— Anajifunza lugha huyo, Kipimo akashikilia. Anataka kuhama. Nyasi za mbele anamwachia mnunuzi.

— Ahame vipi, nikauliza, na mkewe hainuki kitandani?

Tangu mama yule apooze, tulikwenda kumjulia hali mara moja, tukarudi kwenye kahawa yetu.

Mwanamke mwenye kikapu alikuwa akitoka kwa Randa. Tulimjua kwa sura: mdogo wa mgonjwa, hupita kuwaletea mahitaji.

— Dada, samahani, Dokta akamwita. Shemeji yako tumemkosea nini?

— Mmemkosea? Wala. Anasikiliza redio ya chumbani.

— Redio tu?

— Dada yangu sauti haimtoki. Redio tumeiweka karibu na mkono wake mzima. Inarusha sauti hadi masikioni kwa shemeji, bila waya. Dada akimhitaji, anaizima. Shemeji akisikia kimya, anatupa fyekeo, anakimbia ndani.

— Na zile nyasi za mbele?

— Akivuka bomba, sauti inakatika yenyewe. Hapo atajuaje kama ni umbali, au ni mkewe anaita?

Kipimo alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo, hanywi.

— Kwa hiyo hapa kwetu...

— Hapa kwenu ni mbali mno. Anawaona tu. Huniuliza mnacheka nini.

— Si angetuambia, jamani!

— Angevukaje bomba kuja kuwaambia?

Mwanamke akahamisha kikapu mkono wa pili, akatutazama, kisha akalitazama tulilokalia.

— Hili benchi limechimbiwa chini?

Tukatazamana. Kipimo alichungulia mguu wa upande wake, nami wa upande wangu. Vumbi lilikuwa limeificha. Dokta ndiye aliyeanza kusimama, akashika ncha ya benchi, macho kwenye bomba la Randa.