Mama Seli na Maji ya Pinki

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya jeni na homoni, shangazi yangu, anayejulikana humu kama Mama Seli, anastaafu. Nimeombwa niandike mimi, ninayejitolea hapa nikisubiri chuo, nadhani kwa sababu wakubwa bado wameduwaa. Hata mimi sijapoa.

Alianza akiwa binti mbichi kutoka chuoni, akakabidhiwa seli za saratani ya matiti zilizokuwa zikifa ovyo. Akazilea. Mpaka leo huzisalimia kabla ya kusalimia watu, na ole wako uache wazi kabati la joto: "Wewe, funga! Wanangu watapata baridi!" Aliwafundisha wote humu kuziogesha kabla ya kila jaribio ili kutoa homoni, tena kwa maji ya pinki, kwa kuwa rangi humwonyesha mtu kama ameyafyonza yote.

Kazi iliyompa sifa ni ya jeni moja inayozihimiza seli zigawanyike. Alionyesha kwamba huwaka hata homoni ikiondolewa. Ikatengenezwa dawa ya kuizima, kwa wagonjwa ambao homoni zao zimeshazuiwa. Walikuwa waanze kuimeza mwezi ujao.

Alhamisi iliyopita, kwenye semina yake ya kuaga, tulikuja kupiga makofi na kula keki. Akasimama, akasema amerudia jaribio lile bila kuombwa na mtu, safari hii akiziogesha seli kwa maji yasiyo na rangi. Jeni haikuwaka. Kumbe ile rangi ina kitu kinachofanana kidogo na homoni. Wataalamu wanalijua hilo, ila nani angedhani mabaki ya maji ya kuogeshea yangetosha kuidanganya seli?

"Haikujiwasha," alisema. "Tuliiwasha sisi, kwa usafi wangu."

Mkurugenzi alibaki na uma hewani. Kiongozi wa mradi wa dawa, mwanafunzi wake wa zamani, akaropoka: "Mama, si ungetuambia pembeni!"

"Mwanangu, makofi nilipigiwa hadharani."

Nilitaka kujificha chini ya kiti. Tuzo ya kazi hiyo imetundikwa sebuleni kwetu, na wageni wote huonyeshwa.

Jana mradi wa dawa ulisimamishwa. Shangazi, asante. Wapo wagonjwa wasiokujua hata kwa sura, na hawatameza kidonge cha kuzima jeni ambayo kwao imeshazimika. Pumzika kwa afya na furaha, ulale usingizi mzito. Sisi huku tunaanza upya, kwa maji yasiyo na rangi.