Dada Yetu wa Chumba cha Giza

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Mama alituhadithia kwamba mimi, mdogo wake, nilipozaliwa, dada alinitazama akauliza, "Huyu anarudi kwao lini?" Kugawana hakukupenda tangu hapo.

Alisoma shule za mtaani kwetu, kisha chuo cha maabara, alikohitimu mwaka 1986. Aliajiriwa katika maabara ya saratani, na kuanzia 1998 kazi yake ilikuwa kutafuta telomea, yaani DNA inayofunika ncha za kromosomu. Katika seli ya kawaida ncha hizo hupungua kila inapogawanyika. Seli ya saratani huzilinda, ndiyo maana haichoki. Dada alizitia rangi maalumu juu ya kipande cha kioo, akajifungia gizani na darubini kuzitazama ziking'aa.

Mwaka 1990 aliolewa na shemeji yetu, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye hulalamika mpaka leo: "Ningepakwa ile rangi, labda na mimi ningetazamwa."

Mwaka 2009 akaletwa maabara binti mmoja pamoja na mashine ya kunakili DNA, inayopima urefu wa telomea. Kazi ya wiki nzima akaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Wakubwa wakamshangilia, dada akafura.

"Mashine yako inatoa wastani," alimwambia. "Mimi naiona seli moja moja."

Wakaishia kusalimiana kwa kichwa, miaka nenda rudi.

Mwaka 2021 dada aligundulika kuwa na uvimbe. Mashine ikatoa wastani wa kawaida, usioonyesha saratani. Binti hakuridhika. Akaandaa kioo kwa njia ya dada, akaona telomea chache zikiwaka kupita kiasi, dalili ya saratani. Akamwita mwenyewe atazame.

"Nani kakufundisha?"

"Nilikuwa nakuchungulia, dada."

Dada akainua uso kutoka kwenye darubini. "Yaani hata ugonjwa wangu umeuona wewe kwanza!"

Ndipo wote wawili wakalia, wameshikana.

Matibabu yalimpa muda. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Juni 2024. Wiki hiyo alikuwa amemuuliza yule binti wa maabara, "Kiti changu wameshampa mtu?"

"Anaanza Jumatatu."

"Usimpende haraka."

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu, mimi mdogo wake, na mwenzake huyo wa maabara, ambaye marehemu aliagiza atajwe mwisho.

Apumzike kwa amani, wala asituonee wivu sisi tuliobaki.